Nyumba ya Nyamwiza Ukutani

Juzi jirani yangu alikuwa akisiriba jiko lake jipya. Harufu ya udongo mbichi uliokandwa pamoja na samadi na majivu ikavuka ua, ikanikuta napepeta mchele. Wajukuu wangu walikunja nyuso. Mimi niliweka ungo chini nikaenda kusimama nyuma ya yule mama, nikimtazama mikono. "Bibi, kuna shida?" akaniuliza. Nikamjibu hakuna, endelea mwanangu. Sikujua nimwelezeje kwamba harufu ile kwangu ni ya kosa kubwa kuliko yote niliyofanya utotoni, na kwamba bado naipenda.

Wenzangu mliolala bweni enzi zile hamhitaji kuelezwa mengi. Shule yetu ya mabinti ilikuwa ya misheni, mwendo wa nusu siku kutoka Ushirombo: darasa moja, jiko moja, na bweni refu la matofali mabichi lililoezekwa nyasi, ndani mikeka imepangwa safu mbili. Mimi nilitoka mbali, upande wa Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe na vumbi. Baba alikuwa karani wa baraza la mtemi. Mjomba wangu, aliyekuwa katekista, ndiye aliyemshawishi anipeleke kwa masista nikajifunze kusoma. Nililia njia nzima, nikafika nikakuta uji wa mtama wenye maziwa, nikanyamaza.

Chakula chetu kilipikwa chungu kimoja lakini kililiwa makundi matatu. Wasumbwa, waliokuwa wenyeji, walikaa kwenye kivuli cha jiko. Sisi Wasukuma tulikuwa wengi na tuna kelele, tukaukalia ukingo wa bweni kana kwamba tumeujenga. Wazinza walikuwa wachache, wakajibana upande wa kisima. Nyamwiza naye alikula peke yake, kwa sababu hata Wazinza wenzake hawakumtaka. Baba yake alikuwa akichimba dhahabu katika mashimo ya Wazungu kule Nyarugusu, na watu walisema wachimbaji hawana kijiji wala mashamba, kazi yao ni kuhama na kulewa. Anjela, binti wa Kisumbwa aliyekuwa mkubwa kuliko sisi sote na mdomo wake mkubwa kuliko yeye, ndiye aliyembatiza jina: "mtoto wa mashimoni". Tulicheka, na mimi nikiwemo. Tuliita utani, lakini utani una adabu yake. Unamtania mtu naye anakutania. Nyamwiza alitaniwa tu.

Mwalimu wetu, Mwalimu Agnesi, aliyaona hayo yote. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo, na hakuwahi kumchapa mtoto. Alikutazama tu mpaka ukatamani angekuchapa. Kiangazi kimoja, sikukuu ya shule ikikaribia, alitusimamisha mbele ya ukuta wa bweni uliotazama barabara. Mvua ilikuwa imeumenya, umejaa mabaka.

"Ukuta huu tutausiriba upya," alisema. "Halafu tutauchora. Kila mmoja atawekwa hapa na kwao."

Tukashangilia. Kwetu sote wanawake ndio wanaosiriba na kurembesha nyumba, na hakuna binti aliyekuwa hajawahi kuchovya vidole kwenye udongo wa mama yake. Anjela alikuwa tayari anaeleza atakavyochora jembe la babu yake mhunzi, kubwa, katikati.

"Ngoja, Anjela," Mwalimu akamkatiza. "Hutachora jembe la babu yako. Atalichora mwenzako wa kabila jingine, na wewe utachora ya kwao. Mkono wako usiguse kwenu."

Kelele zilizuka pale mpaka Sista Mkuu akachungulia dirishani. Mtu ambaye hajawahi kuona ng'ombe wetu atawachoraje? Mwalimu Agnesi hakubishana. Alianza kutugawa wawili wawili, na alipofika kwangu akasema, "Kabula na Nyamwiza." Nilisikia wenzangu wakiguna kwa huruma. Sikupenda, na uso wangu ulisema hivyo, na Nyamwiza aliuona.

Siku mbili za kwanza hatukuzungumza ila maneno ya kazi. Tulichimba udongo mweupe bondeni, mwekundu tukautoa kwenye vichuguu, mweusi tukautengeneza kwa masizi ya vyungu. Tulitafuna ncha za vijiti mpaka zikawa brashi. Lakini huwezi kumchora mtu kwao bila kumhoji, na ukianza kumhoji mtu kuhusu kwao unachelewa kuacha. Nyamwiza alitaka kujua pembe za ng'ombe wetu zinapinda ndani au nje, yupi anatangulia wakirudi, mbwa anakaa mbele au nyuma. Nikajikuta namsimulia ng'ombe wa babu mmoja mmoja kwa majina. Nami nikamuuliza nyumba ya mama yake mlango unatazama wapi, kuna kizingiti au hakuna, kuku wanalala wapi. Alijibu polepole, macho kayafumba, anaiona. Jioni ya tatu nilichukua sahani yangu nikaenda kula alipokuwa akila. Anjela akapiga mluzi. Nikamwonyesha mgongo.

Alinisimulia na habari za baba yake. "Akitoka shimoni askari wanampekua," alisema. "Mdomoni, masikioni, mpaka kwenye nywele."

"Wanatafuta nini?"

"Dhahabu. Siku moja walimkamata mwenzake. Hajarudi mpaka leo."

Mambo hayo niliyajua. Nyumbani nilikuwa nimemsikia baba akimweleza mama habari za mtu aliyeletwa barazani kwa kukutwa na vipande viwili vya dhahabu, vidogo kama punje za mtama, ndani ya kibuyu cha ugoro. Alipelekwa jela mbali, na mke wake alikuja kulia barazani kila siku mpaka akachoka. "Dhahabu iliyo chini ya ardhi ina mwenyewe," baba alisema, "na mwenyewe ni Serikali." Nilikuwa mtoto wa karani. Maneno ya baba kwangu yalikuwa sheria kabla hayajaandikwa.

Nyumba niliichora, ikapendeza hata mimi nikashangaa. Lakini Nyamwiza aliitazama akasema haijaisha, mama yake huimalizia kwa mkanda chini ya paa, na kitu cha kumalizia kinakuja. Alikuwa ametuma salamu kwa wachuuzi wa chumvi waliokuwa wakipita: mwambieni mama nimewekewa nyumba ukutani, aje sikukuu aione. Baada ya siku kadhaa wachuuzi wale wakarudi na jibu kwamba mama atakuja, pamoja na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa jani. Ndani mlikuwa na unga mzito wa rangi ya asali. Nyamwiza aliuchanganya na udongo laini, akanipa. Nikaupaka kwa vidole vyangu, mkanda mpana chini ya paa, na mwingine kuzunguka mlango. Ulipokuwa mbichi haukuwa na ajabu yoyote.

Kesho yake, jua lilipoanza kuteremka na kuupiga ukuta, nyumba ya Nyamwiza iliwaka. Sijui nisemeje vinginevyo. Ng'ombe wangu walikuwa weupe na wekundu, jembe la Anjela jeusi, mitumbwi ya Wazinza kwenye ziwa lao ilikaa sawa, lakini nyumba ile ilimetameta kwa manjano hata mtu wa barabarani aliiona. Mabinti wakaacha kazi wakaja kuitazama. Hata Anjela alisema, "Ee, Nyamwiza! Kumbe kwenu kuzuri." Lilikuwa neno jema la kwanza alilowahi kumwambia. Nyamwiza alicheka akafunika mdomo kwa mkono.

Saa ileile Sista Mkuu akatoka kututangazia kwamba sikukuu ingehudhuriwa na Bwana Shauri, yule mkuu wa Kizungu wa wilaya, akija na motokaa yake na askari wake.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi niligeuka kuutazama ukuta. Unga wa manjano, unaong'aa, uliotoka Nyarugusu ndani ya kibuyu kilichozibwa, kwa mke wa mchimbaji. Nini tena? Baba yake Nyamwiza alikuwa ameiba dhahabu ya Serikali, mama yake akaisaga, na mimi, binti wa karani wa baraza, nikaipaka ukutani kwa mkono wangu mwenyewe, barabarani, ili Bwana Shauri aione vizuri. Nilimtazama Nyamwiza akicheka, nikamwonea huruma kwamba hajui atakavyolia. Nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na mmoja, na niliamini maisha ya mtu mzima yamo mikononi mwangu.

Kwa nini sikumwambia Mwalimu? Niliogopa kwamba akijua, atalazimika kusema. Kwa nini sikumwambia Nyamwiza? Hilo nimejiuliza miaka mingi. Nadhani niliona aibu kwa niaba yake. Utamwambiaje rafiki yako mpya kwamba baba yake ni mwizi?

Kesho yake mchana mabinti wote walipokwenda mtoni kufua nguo za sikukuu, nilijifanya nimechomwa mwiba. Walipotoweka nikachukua kigae nikaanza kukwangua. Mkanda wa juu ulitoka kwa urahisi. Wa mlangoni uligoma, ukatoka na udongo mweupe, na mlango wenyewe, na nusu ya ukuta wa nyumba. Kila nilipoona chembe inang'aa nilikwangua tena. Mwisho pale palibaki kidonda kitupu cha tofali. Nilikusanya vumbi lote kwenye nguo yangu nikalimwaga chooni. Sidhani kama kuna mtoto katika nchi ile aliyewahi kuwa tajiri kwa muda mfupi kama mimi.

Waliporudi, Nyamwiza alisimama mbele ya ukuta na ndoo ya nguo kichwani. Hakuitua. Maji yalimtiririka mashavuni kutoka kwenye nguo, na kwa muda sikujua kama ni maji hayo tu.

"Anjela!" mtu akaita, na wote wakageuka.

"Si mimi!" Anjela alipiga kelele. "Haki ya Mungu si mimi! Nilikuwa nanyi mtoni!" Lakini mwenye sifa mbaya haaminiwi hata akiwa na mashahidi. Walisema alitangulia kurudi, walisema alimtuma mtu. Mwalimu Agnesi alituuliza mmoja mmoja, na alipofika kwangu alinitazama kwa namna yake ile. Nikatazama mguu wangu wenye mwiba wa uongo. Nilimpenda Nyamwiza, na nilidhani kunyamaza ndiko kumpenda.

Tungeweza kuitengeneza nyumba ile jioni ileile. Mwalimu alitaka hivyo. Nyamwiza alikataa, akasema kwa sauti ya chini, "Mwache tu aliyekwangua, Mwalimu. Amesema alichotaka kusema."

Siku ya sikukuu motokaa ya Bwana Shauri ilifika asubuhi. Tuliimba, Sista Mkuu akampokea, askari wawili wakasimama kwenye kivuli. Wakati huohuo mwanamke mrefu, miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini, alikuja kwa barabara na kapu kichwani. Alikuwa ametembea siku tatu. Nyamwiza alimkimbilia, akampokea kapu, akamwamkia. Mwalimu Agnesi naye akaenda.

"Karibu, Mama Nyamwiza. Pole na safari."

"Nimeshapoa, Mwalimu. Nimekuja kuona nyumba."

Walisimama mbele ya ukuta. Bwana Shauri alikuwa ameanza kuupitia kutoka ncha ya pili, fimbo yake ikionyesha hiki na kile, na askari mmoja nyuma yake. Mama Nyamwiza alitazama ng'ombe, jembe, mitumbwi. Alipatazama pale palipokwanguliwa kwa muda mrefu.

"Ndiyo hii?"

"Ilikuwa nzuri sana, mama," Mwalimu alisema. "Kuna mtoto amefanya utundu. Tutairudishia."

"Mwalimu, sikuja kugombana." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Nililetewa salamu kwamba mwanangu ana nyumba hapa. Nionyeshe."

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, na jibu lilikuwa mdomoni kwangu, na askari alikuwa hatua tatu upande wa pili. Nilifungua mdomo. Nilimwona yule askari akikuna shingo. Nikaufunga.

"Funga mzigo wako, mwanangu," mama akamwambia Nyamwiza. "Penye nyumba za wote ila yako, usilale."

Walipita mbele yetu, mama mbele na Nyamwiza nyuma, mkeka kwapani. Hakumtazama mtu. Bwana Shauri alifika kwenye kile kidonda, akakipita bila kusimama, akaenda kunywa chai. Wale ambao mmewahi kunyamaza mahali mlipotakiwa kusema mnajua chai ya namna ile inavyochukua muda. Nilisimama katika mstari nikiimba, na kila ubeti ulikuwa unampeleka Nyamwiza mbali zaidi.

Motokaa ilipowaka tu na kuondoka, niliruka mstari. Sikumuaga mtu. Nilikimbia barabara ya kaskazini mpaka kifua kikanichoma, nikawakuta kwenye kijito, mama ameketi juu ya jiwe akiosha miguu, Nyamwiza amempa kisogo.

"Ni mimi!" nikasema. Pumzi hazikunitosha. "Shikamoo mama. Ni mimi niliyekwangua. Ili wasimfunge baba. Bwana Shauri angeiona. Ile dhahabu."

"Dhahabu gani?"

"Ya kwenye kibuyu. Ile uliyoisaga."

Mama Nyamwiza alinitazama kana kwamba nasema Kijerumani. Kisha mabega yakaanza kumcheza. Alicheka mpaka akashika jiwe asianguke majini.

"Mwanangu, ule ni ulanga! Mawe yanayong'aa, tunayaokota mtoni, wanawake wote. Watoto wanayachezea!" Akajifuta macho. "Ingekuwa dhahabu, mimi ningekuja huku kwa miguu?"

Nilianza kucheka naye, kwa kilio. Baba hafungwi, hakuna mwizi, hakuna jela. Nilidhani yameisha. Lakini Nyamwiza alipogeuka hakuwa akicheka.

"Uliniuliza mlango unatazama wapi," alisema. "Uliniuliza mpaka kuku wanalala wapi. Hili ungeniuliza."

Nilikuwa nimekula naye, nimelala mkeka wa pili kutoka wake, nikamwonyesha Anjela mgongo kwa ajili yake, na bado mahali fulani ndani yangu baba yake alikuwa mwizi kwa sababu tu alikuwa mchimbaji. Anjela alilisema kwa mdomo, akacheka. Mimi nililiamini kimyakimya. Sijui lipi ni baya zaidi, ingawa nadhani najua.

Nilimwambia, "Nisamehe." Mama yake alifunga kanga yake, akasimama, akatutazama wote wawili.

"Mimi nimechoka, sitaamua," akasema. "Nyamwiza, njia ile ni ya nyumbani, na njia hii ni ya shule. Miguu ni yako."

Nyamwiza alitazama njia ile, akatazama hii. Kisha aliinua mkeka wake, akanipita bila kunigusa, akashika njia ya shule. Mama yake akafuata, na mimi nyuma yao, mbali kidogo, kama mtu anayechunga.

Tulipofika mabinti walikuwa wakila nyama ya sikukuu, makundi matatu vilevile, na Anjela safari hii ndiye aliyekaa peke yake, macho yamevimba. Nyamwiza alitua mzigo. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu cha udongo mweupe uliokuwa umesalia, akaongeza maji. Kidogo kidogo wakaja wote kutuzunguka. Mwalimu Agnesi alisimama nyuma yao.

"Umerudi?" Anjela akauliza. "Wamekwambia ni mimi, sivyo?"

"Si wewe, Anjela," Nyamwiza alisema. "Samahani."

"Nani basi?"

Nilijua zamu yangu imefika. Nikasogea mbele, nikavuta pumzi, nikasema, "Ni—"

"Ni sisi," Nyamwiza akanikata. "Mimi na Kabula. Tuliikandika vibaya. Tunarudia."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Alikuwa bado amekasirika. Siku nyingi zilipita kabla hajacheka nami tena. Akanisukumia chungu kwa mguu.

"Kanda," akaniambia.

Nikapiga magoti, nikakanda.